Walimu wa chekechea, mvua isiwafungie watoto ndani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wa chekechea wa huku kwetu Newala. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Mjukuu wangu wa miaka minne juzi karudi na daftari, kurasa tatu zimejaa herufi "a" tupu. Namuuliza, mmecheza nini leo? "Tulikaa tu, bibi. Mvua."

Kwangu mvua ndiyo fundi wa kuchora. Yakianza manyunyu (ngurumo ikisikika, wote ndani, hakuna mjadala), napasua boksi la sabuni, nawapa vumbi la mkaa, bizari ya manjano na udongo wetu mwekundu niliokwisha kuutwanga. Wanavinyunyiza vikavu, wanaliweka boksi uani na kuhesabu mpaka kumi. Rasharasha huacha madoadoa mazuri mno. Mvua kubwa hufuta yote. Siku moja boksi la mdogo liligeuka uji, akalia mpaka kwikwi. Siku hizi kabla ya kutoka ananyoosha kiganja kwanza, aipime.

Mvua ikikata, zamu ya udongo. Wanaukanda, wanaubandika kwenye shina la mkorosho na kuutia sura: macho kokwa za embe, mdomo ganda la konokono. Wiki iliyopita wakatoa sura yenye meno ya vijiti, nikacheka nikakaa chini. Lipiko kabisa, yule mcheza ngoma wa Kimakonde avaaye kinyago! Enzi zetu sisi wasichana lipiko likitokea tulitimua mbio; leo aliyelifinyanga ni mjukuu wa kike. Marehemu baba yangu alichonga mpingo, na alituambia kisu chake cha kwanza alikijaribia muhogo mbichi.

Mwalimu mmoja nilipomweleza alinijibu kwamba wazazi watalalamikia sare. Si wavae fulana kuukuu? Mimi ninachokiogopa ni safura, maana mnyoo wake hupenya nyayoni. Kwa hiyo yeboyebo hazivuliwi, hatusogelei choo, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Korosho mbichi zenye maganda hawachezei, mafuta yake yanababua ngozi. Jioni makopo yote hupinduliwa yasizalishe mbu. Ndiyo kazi yote hiyo, na haihitaji bajeti.

Sisemi herufi zisifundishwe. Lakini yule wa miaka minne, akiwa ameshika kijiti kwenye tope, "a" aliiandika mwenyewe, kubwa kama sinia, akaniita nikaione kabla mvua haijaifuta.

Maboksi ninayo kumi na saba chini ya kitanda. Shule ikiyataka, nitayaleta mwenyewe, na udongo nitakuwa nimeutwanga.

Bibi wa wajukuu wanne,
Newala, Mtwara