Mjamzito afundishwe kumtunza mtoto kabla ya kujifungua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonigusa sana kama mzazi.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, maelezo ya kumtunza niliyapata asubuhi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, nikiwa nimesimama na mfuko begani, mtoto mikononi, na usingizi wa siku mbili machoni. Muuguzi alieleza upesi upesi nami nikaitikia kila neno, lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka moja tu, kwamba kitovu kisipakwe kitu na kiachwe kikavu. Simlaumu, maana saa ile hakuna mzazi awezaye kujifunza.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Mimi katika mahudhurio yangu nilipimwa uzito, damu na mkojo, lakini sikuonyeshwa hata siku moja namna ya kumpakata kichanga ili alishike titi vizuri, wala sikuambiwa kwamba anyonyeshwe ndani ya saa 1 ya kwanza na kwamba yale maziwa mazito ya manjano, yaani dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa, kwa kuwa ndiyo yanayompa mtoto kinga yake ya mwanzo.

Linaloniuma zaidi ni dalili za hatari. Mtoto mchanga akiugua si lazima alie. Mara nyingi hunyamaza, hulala mno na kuacha kunyonya, na mama asiyefundishwa humshukuru Mungu kwa kupewa mtoto mtulivu. Kuhesabu pumzi zake kunahitaji saa ya mkononi au ya ukutani tu: akiwa ametulia, mfunue kifua, ukitazame kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, na pumzi zikifika 60 au zaidi, hesabu tena, zikiwa bado hivyo, mpeleke hospitali bila kungoja. Apelekwe vilevile akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, akipoa mwili, akipata degedege, au akigeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza.

Napendekeza kila kliniki itenge muda wa somo hili katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, wajawazito wajizoeze kwa mikono yao wakitumia mwanasesere, na atakayemsaidia mama nyumbani, awe mumewe, mama yake au mama mkwe, aitwe naye, kwa sababu mama atakapolala yeye ndiye atakayekuwa amempakata mtoto.

Wako,
Mama wa watoto wawili