Kwenu vijana wangu mnaorudi kutoka misheni: kwa mama wa mwenzako usichelewe

Wanangu, marahaba kabla hata hamjaniamkia. Nawaandikia nyie askari mnaorudi kutoka Kongo na Afrika ya Kati kwenye ulinzi wa amani, mjukuu wangu ndo anachapa hapa kwenye simu mi naongea tu, kwa hiyo mkiona makosa mlaumuni yeye.

Mi sikuwa mwanajeshi wa kusomea. Nilikuwa mgambo, mkulima wa miaka 22, nikaitwa mwishoni mwa 1978 baada ya nduli Idi Amin wa Uganda kuingia Kagera na daraja la Kyaka kulipuliwa. Mwalimu Nyerere alishasema redioni uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, sisi kijijini tukapiga makofi sana, wiki chache baadaye ndo nikagundua kumbe ile nia ni mimi.

Askari wa chini kazi yake kubwa ni kutembea na kusubiri. Toka Mutukula pale mpakani mpaka Masaka, ndani ya Uganda, tulienda kwa miguu, mzigo mgongoni, buti zimelowa mpaka soksi zinaozea mguuni, jioni umechoka hoi unachimba handaki, asubuhi unaliacha unaenda kuchimba lingine. Chakula kikichelewa tunakula ndizi kwenye mashamba ya watu waliokimbia. Kucha zangu mbili mpaka leo hazijakaa sawa (hilo hamkuniuliza lakini nimeshasema).

Sasa Lukaya, mji mdogo mbele ya Masaka kwenye njia ya Kampala. Machi 1979, barabara pale inapita katikati ya kinamasi, huku maji huku maji. Sisi brigedi ya 201 wengi tulikuwa mgambo, hatujazoea kipigo cha kweli. Usiku Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, wakaanza kuturushia maroketi, mengi yalipita juu ya vichwa vyetu yakaenda kuanguka mbali huko, lakini mlio ule jamani. Nilikimbia. Neno hilo nalisema leo nikiwa mzee mwenye fimbo na mke wangu mwenyewe amelisikia mara moja tu. Niliingia kwenye matete maji kiunoni, na rafiki yangu wa kijiji cha jirani, tuliyekuwa tunachimba naye handaki moja, alibaki nyuma, sikumwona tena akiwa hai. Kulipokucha tukakusanywa, wenzetu wa brigedi ya 208 wakawazungukia maadui kwa nyuma, Lukaya ikarudi kwetu, na mi siku hiyo nilipigana kweli kweli, ila usiku ulishapita.

Aprili 11 Kampala ikaanguka, watu wanaruka barabarani wanatukumbatia wanatuita wakombozi, na wewe mwezi mmoja tu nyuma ulikuwa kwenye matete, unakumbatiwa huku koo limekaba. Nyumbani nako hivyo hivyo, ngoma, mbuzi, hotuba. Wiki 2 basi. Baada ya hapo ni jembe na maduka matupu, tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, miezi ikaisha mkanda bado umekaza, sabuni foleni, sukari foleni. Mke wangu anasema nilikuwa nalala na viatu. Mvua ikipiga bati natoka nje usiku nasimama chini ya mwembe nalowa. Pombe nilikunywa miaka mingi, hapo sina la kuongeza, mnajua wenyewe inavyoendaga. Nyie siku hizi kuna madaktari wa mambo hayo, nendeni, msione aibu.

Ila kilichonimaliza hasa ni mama wa yule rafiki. Alikaa mwendo wa saa 3 kwa mguu kutoka kwangu na sikwenda. Nikajisemea nitaenda baada ya mavuno, basi mvua ikikatika, basi mtoto akipona. Ikafika nazunguka njia ya mbali kwenda mnadani ili nisipite kwao. Nimekuja kwenda 1990. Miaka 11!

Kwa hiyo wanangu, likizo ya kwanza, kabla posho hujaigeuza bati au pikipiki, nenda kwa wazazi wa mwenzako aliyefia huko. Najua jeshi litapeleka jeneza na bendera na maofisa, na heshima itakuwepo, tuliona Desemba 2017 vijana wetu waliouawa Semuliki kule Kongo walivyoagwa. Na hata wale wa vita yetu zaidi ya 600 waliolala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, Kagera, Julai 25 nchi inawakumbuka. Lakini ofisa anaongea kiofisa, wewe ndo unajua alikuwa anakoroma vipi na alikuwa anamcheka nani. Usiende na hotuba, usiende umelewa. Na mambo ya kikosi yasiyotakiwa kusemwa usiyaseme, wala hawayahitaji. Kama ulikimbia nenda hivyo hivyo, ukiulizwa sema, usipoulizwa usimtwishe mama wa watu mzigo wako ili wewe upumue.

Mi nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mbona wewe umerudi. Yule mama alinipa kigoda, akaendelea kupepeta mchele wake kimya, muda mrefu mpaka nikataka kuondoka. Halafu akaniuliza, siku ile mwanangu alikuwa amekula?

Nikamwambia amekula mama. Tulichoma ndizi jioni, zilikuwa 3, yeye akala 2 maana alinifunga kwenye karata.

Akacheka. Akasema huyo ndo mwanangu kabisa, toka mdogo alikuwa anawaibia wenzake kwenye karata. Kisha akaweka ungo chini akaingia ndani na hakutoka haraka. Mi nikauokota ule ungo nikaendelea kupepeta pale alipoachia.