Usiihukumu kabla ya wimbo wa kumi na mbili

Mwanga, Kigoma

Ndugu yangu,

Nifikishie shikamoo kwa mama mdogo, na salamu kwa shemeji na watoto. Huku sisi wazima, mvua zimechelewa kidogo lakini dagaa wapo. Barua yako nimeipata, na habari za kazi hapo Tabora zimenifurahisha sana. Ila ile aya ya mwisho imeninyima raha. Umeandika kwamba Metallica, bendi yetu ya muziki mzito wa metali, wamechoka, na kwamba albamu yao ya 72 Seasons ni wimbo mmoja uliorudiwa mara 12 kwa dakika 77. Siwezi kuliacha hilo lipite.

Wasikilizaji wa metali hapa mjini tuko wachache na tunajuana, lakini tangu albamu ilipotoka, Aprili 14, 2023, hatujakubaliana. Yule fundi simu wa Mwanga yuko upande wako kabisa. Kwake albamu yao ya 2016 ndiyo ilikuwa na ngumi, hii ni maneno mengi. Hasira zake kubwa ziko kwa mpiga gitaa Kirk Hammett: kila solo anakanyaga wah-wah, kile kifaa cha mguuni kinacholiza gitaa, kila solo inapita njia ileile. Hammett mwenyewe alishaeleza kwamba solo nyingi alizipiga papo hapo, bila kuzipanga, na fundi anauita huo uvivu. Mimi nadhani kwenye nyimbo za mbio mtindo huo unafaa, zinatoka na jasho lake. Kwenye zile za mwendo wa kati, nakiri, fundi ana hoja. Lakini nilipomsimulia kwamba kabla ya ile albamu ya 2016 Hammett alipoteza simu aliyorekodi vipande vya muziki wa gitaa kama 250, na hakuwa na nakala mahali pengine, fundi aliweka bisibisi chini. Tangu siku hiyo anamsema kwa upole zaidi.

Mpiga gitaa wa kwaya, unamkumbuka, alikataa hata kuugusa wimbo wa tatu kwa sababu ya jina lake, Screaming Suicide. Nilimwomba asome maneno kwanza. Akasoma, akanyamaza, akasema huu si wimbo wa kumwita mtu afe, ni wa kuitoa nje ile sauti ya gizani ambayo watu wanaificha, kwa sababu ikifichwa ndipo inapopata nguvu. Siku hizi ndiye anayeutetea kuliko sisi wote, na anasema makanisani tungeongea hivyo mapema, vijana wengi wangepona. Naungana naye bila kusita.

Aliyenishangaza ni mzee mmoja wa Kibirizi, fundi wa mashine za boti. Huyo kalelewa na rumba ya ng'ambo ya ziwa, na metali hajui hata mlango wake. Nilikaa kwake nikisubiri boti itengenezwe, nikaomba niweke wimbo wa mwisho, Inamorata, kwenye spika yake. Dakika 11 na sekunde kadhaa, mrefu kuliko wimbo wowote walioutunga peke yao tangu waanze. Nilitegemea anifukuze. Katikati, pale magitaa yanapojitoa na kuliacha besi la Robert Trujillo litembee na ngoma nyepesi, mkono wake wenye grisi ukaanza kugonga goti, polepole, kwenye mapigo halisi. Magitaa mawili yaliporudi yakiimba kwa pamoja, akasema, "Hapo sasa." Kwake urefu haukuwa tatizo hata kidogo. Mtu aliyezoea nyimbo za Franco na OK Jazz zilizojaza upande mzima wa santuri anajua kusubiri gitaa lifike. Aliuliza tu kwa nini mwimbaji ana kilio hivyo.

Na hilo ndilo swali ambalo wewe na fundi hamkuuliza. Jina la albamu ni hesabu: majira manne ya mwaka, mara miaka 18. Kwetu sisi tunaohesabu masika na kiangazi, ingekuwa 36. James Hetfield, mwimbaji wao, anasema miaka hiyo ya mwanzo ndiyo inayomjenga mtu, na sehemu kubwa ya utu uzima ni kuyarudia yale ya utotoni au kujinasua nayo. Baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa na miaka 13. Mama yake alifariki kwa saratani mwaka 1980, kijana ana miaka 16, kwenye familia ambayo imani yao ilikataa hospitali. Mwaka 2019 alirudi kwenye matibabu ya ulevi, ziara ikaahirishwa. Hii ndiyo albamu ya kwanza ya nyimbo mpya baada ya hapo.

Ukishajua hayo, sikiliza tena lile unaloliita kurudiarudia. Kivuli, giza, nuru, tena kivuli. Mtu aliyebeba jambo tangu utotoni halisemi mara moja likaisha. Mpaka wimbo wa kumi na mbili, huzuni anaiimbia kama mwanamke asiyeweza kumwacha, halafu anakiri kwamba si yeye anayemfanya aishi. Ukiusikiliza peke yake ni wimbo mzuri. Ukiufikia baada ya zile 11, unakupata mahali pengine kabisa.

Nakuandikia wewe hivi kwa sababu mama yako, Mungu amrehemu, alituacha ukiwa kidato cha pili. Nakumbuka ulivyokuwa ukikaa barazani na redio kaseti, husemi na mtu, upande ukiisha unageuza. Ndipo uliponifundisha muziki huu. Sijui mtu mwingine ambaye albamu hii inamhusu kuliko wewe, ndiyo maana imeniuma kuona umeifunga mapema.

Binamu yangu anakuja huko kwa treni wiki ijayo, nimempa fleshi yenye albamu nzima. Tumia hedifoni, spika ya simu inameza besi lote. Kama muda ni mdogo ruka wa nne, unazunguka mno kabla ya kuanza, na wa saba, ambao mimi ningeupunguza nusu. Mingine ifuate kwa mpangilio wake. Kisha niandikie kuhusu Lux Æterna: mwanakwaya anaapa ndio bora wa albamu, mimi naona ni mzuri ila uliwekwa pale kuturudisha miaka ya 80, hauna jeraha la wenzake. Tunahitaji mtu wa tatu wa kuamua.

Ndugu yako wa Mwanga