Mara hii tuchange mapema: harambee ya kifua, hapa kwetu Likoni

Assalamu alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote majirani, mlio hapa Likoni, mliohamia Bamburi na Mtwapa, na nyinyi mlioko Muscat, Jeddah na Doha ambao kila tukiwaitia jambo la mtaa hamkawii kujibu. Naandika kwa niaba ya kamati kuhusu saratani ya mapafu, mimi ndo nashika daftari la michango, na nimekaa na simu tangu baada ya Isha naandika nafuta naandika nafuta, kwa hivyo nikienda mrama mnisamehe.

Daftari lenyewe ndo limenisukuma. Juzi nililifungua toka mwanzo nipige hesabu nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona, na mwandiko ni wangu mwenyewe. Harambee zote za saratani tulizofanya hapa mtaani, ya titi, ya kizazi, ya koo, ya kifua, hakuna hata moja ya mtu aliyejulikana mapema. Zote ni mgonjwa ameshalala, tunachanga nauli ya Nairobi, tunachanga oksijeni, tunachanga gari ya kumrudisha nyumbani, alafu ukigeuza ukurasa unakuta michango ya sanda au ya jeneza. Watu wa mtaa huu mnatoa, wallahi sijawahi kuita mkakataa, lakini tunatoa mambo yakishaharibika.

Mnamkumbuka mzee wetu wa kahawa. Nani hapa hakunywa kahawa yake akalipa kesho. Baada ya Asr unasikia vikombe vinalia mkononi, unajua anakata kona ya msikiti na dele lake, kashata kwenye kopo. Sasa kusi ya mwaka juzi ilipoanza tukawa tunamsikia yeye kabla ya vikombe, anakohoa. Mwenyewe akasema ni baridi ya kusi tu. Tukampa asali na tangawizi, mmoja kamletea habasoda, mimi nilimchemshia mdalasini kwa mikono yangu hii. Kusi ikaisha, kaskazi ikaingia na joto lake lote, kikohozi kiko palepale. Akaenda akapewa antibayotiki, akarudi akapewa nyingine, mara ya tatu picha ya kifua ikaonyesha kivuli, makohozi yakapimwa hayakuonyesha TB lakini akaanzishwa dawa za TB hivyo hivyo, akameza miezi sita bila kukosa hata siku moja, mkewe anamhesabia vidonge kila asubuhi kabla ya chai. Na sisi tulifurahi, manake TB inapona. Tulikuwa tukimwambia vumilia mzee, miezi sita si mingi.

Alipomaliza dawa sauti ilikuwa imekauka na shati linamwagika mabegani. Ndo tukachanga pesa za CT skani, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Siku aliyotolewa maji ya kifua nilikuwa nimekaa na mkewe nje ya pazia, nesi akapita na chupa, maji rangi ya strungi, yamejaa mpaka shingoni mwa chupa, mkewe akaniuliza haya yote yametoka kwake? Daktari akatwambia ni saratani ya pafu, hatua ya nne, imeshafika kwenye mifupa. Tulimzika baada ya wiki saba.

Sisemi haya kumlaumu yeyote aliyemtibu. TB hapa kwetu iko nyingi na mtu akija anakohoa, amekonda, picha ina kivuli, mwenye kukutana na TB kila uchao atafikiria TB kwanza, na ni haki yake. Kosa lililotuuma ni kwamba makohozi yalitoka safi, dawa hazikumsaidia, na hakukuwa na pesa ya kwenda hatua ya pili, basi tukakaa tukingoja. Miezi yote ile tuliyokuwa tukingoja ndo ilikuwa miezi ya kuchanga.

Nieleze kidogo huu ugonjwa manake nimeuliza sana tangu wakati huo na nimesoma. Pafu lenyewe halina hisia ya maumivu kama ngozi, kwa hivyo uvimbe unaweza kukua ndani kimya kimya, na ukija kusikia maumivu mara nyingi ni kwa kuwa umefika kwenye ukuta wa kifua au mfupa. Madaktari wanahesabu hatua nne. Ukipatikana hatua ya kwanza, mtu anaweza kupasuliwa akaondolewa kipande cha pafu (pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili) akaendelea na maisha yake. Hatua ya nne ni umeshahama, umeingia kwenye mifupa, ini au ubongo, hapo matibabu ni ya kurefusha siku na kupunguza maumivu. Hesabu za Marekani zinaonyesha wanaokutwa ugonjwa bado uko pafuni peke yake zaidi ya nusu wanapita miaka mitano, na ukishasambaa mbali wanaofika hapo ni kama mmoja kati ya kumi. Yaani ugonjwa ni ule ule mmoja, tofauti ni umeukuta lini.

Na hili la lini linategemea unaishi wapi, hili ndo nataka mlishike. Kuna Kentucky kule Marekani, watu wa kulima tumbaku na kuivuta, miaka na miaka ndo jimbo la kwanza kwa saratani ya mapafu, na Utah ndo la mwisho manake wengi kule dini yao inakataza sigara, tofauti ni kama mara tatu. Hiyo ni tofauti ya kuugua. Lakini kuna tofauti ya pili, ya kujulikana, na hiyo watu wanaweza kuibadilisha. Kentucky hao hao wakaamua, wakapeleka upimaji wa CT mpaka hospitali za miji midogo, sasa wako kwenye majimbo yanayoongoza kuwapima wavutaji, na wanaokutwa wamechelewa wakaanza kupungua, wakati California na utajiri wake wote imekaa mkiani kwa upimaji miaka mingi. Kwa hivyo si pesa peke yake.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa Manchester, Uingereza. Kule mitaa ya watu wa hali ya chini ndo yenye wavutaji wengi na ndo watu walikuwa wanafika hospitali wameshachelewa. Mwaka 2016 wakachukua mashine ya CT wakaiweka kwenye lori, wakaegesha pale watu wanapofanya shopping, mtu anatoka kununua mkate anapita anapimwa. Saratani walizozikuta, asilimia 80 zilikuwa hatua ya kwanza na ya pili. Watu ni wale wale na mitaa ni ile ile, kilichobadilika ni kwamba mashine ndo iliwafuata.

Sisi lori la CT hatuna na sitawadanganya kwamba harambee ya mtaa itanunua. Lakini angalieni sisi tunavyoishi. Kwa miaka mingi hospitali ya umma yenye mashine ya mionzi ya kutibu saratani ilikuwa Kenyatta ya Nairobi peke yake, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Sasa hapa Mombasa pale Makadara, hospitali ya Coast General, kuna kliniki ya saratani, tunashukuru sana kwa hilo, lakini wapo bado wanaotumwa Nairobi kwa kipimo hiki au kile. Treni behewa la kawaida ni 1,500 kwenda tu tangu 2024, mgonjwa hawezi kwenda peke yake, wawili kwenda na kurudi ni 6,000, bado tuktuk mpaka Miritini, bado pa kulala, bado chakula. Kuli wa bandarini anayelipwa kwa siku, siku asiyokwenda hapati. Kwa hivyo anasema ngoja nione wiki ijayo. Na SHA, bima ya afya ya serikali, jamani jiandikisheni, tangu Oktoba 2024 ndo iliyochukua nafasi ya NHIF na kifurushi cha saratani kipo, lakini kina kikomo cha mwaka kwa nyumba nzima, na kabla ugonjwa haujapata jina tumeona wenyewe picha nyingi zinatoka mfukoni mwa mgonjwa.

Ndo maana kamati imeamua mara hii hatuchangii mgonjwa mmoja. Tunaanzisha mfuko wa kifua. Kazi yake ni moja tu, mtu wa mtaa huu anayekohoa zaidi ya wiki tatu, amepimwa TB hana, au amemaliza dawa za TB na bado anakohoa, asikae hata wiki moja nyumbani kwa kukosa pesa ya kipimo. Mfuko unamlipia CT ya kifua, na kama daktari akitaka kinyama kikatwe kipelekwe maabara unalipia hicho pia, na nauli yake na ya mtu mmoja wa kumshika mkono. Pesa haipewi mgonjwa mkononi wala mimi, inalipwa moja kwa moja kwenye kituo na risiti inabandikwa ubaoni pale msikitini na nyingine kanisani. Kamati imeweka lengo la kuanzia Sh400,000, tukivuka ni heri, tukipungukiwa tutaanza na tulichonacho.

Mtauliza kwa nini CT na si eksirei ambayo ni rahisi. Eksirei ni mwanzo mzuri na hatuiachi, lakini uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma ya moyo au ya mbavu picha ikatoka safi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011, wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, ulionyesha waliopimwa kwa CT ya miale kidogo walikufa kwa saratani ya mapafu asilimia 20 chini ya waliopigwa eksirei. Lakini pia si kila mtu akimbilie CT, msije mkanipangia foleni mlangoni. Asiyekohoa na hajawahi kuvuta hana haja. Tunaotaka watoke mbele ni wale wenye dalili, kikohozi kisichoisha, makohozi yenye damu hata nyuzi nyuzi, sauti iliyokauka wiki na wiki, kukonda bila sababu, nimonia inayorudi upande ule ule.

Na hapa niseme na wale wenye kusema "si alijitakia, alikuwa akivuta." Jamani tuache. Mzee wetu alivuta ujanani akiwa bandarini akaacha kabla wengi wenu hamjazaliwa, na hata angekuwa anavuta mpaka siku ya mwisho bado ni mzee wetu. Sigara ndo sababu kubwa, hilo ni kweli na sipunguzi, na shisha nayo ilipigwa marufuku 2017 lakini vijana mnajua mnapojificha, naomba muache. Lakini wapo wanaougua na hawajawahi kugusa sigara. Kuna moshi wa sigara ya mume, kuna moshi wa kuni na mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha ambao mama zetu wanauvuta miaka arubaini, kuna mapaa ya zamani ya asbesto ambayo yamekatazwa tangu 2006 na bado yako juu ya vichwa vya watu, kuna moshi wa dizeli, ambao mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutangaza kuwa unaleta saratani, na mwenye ndugu Changamwe au Miritini anajua malori yanavyolala pale barabarani yakinguruma. Mtu akionewa aibu anaficha kikohozi, na akificha tunarudi kwenye ukurasa ule ule wa daftari.

Sasa maombi yenyewe. Wenye uwezo wa elfu toeni elfu, mwenye hamsini ni hamsini na jina lake litaandikwa sawa na la mwenye elfu. Vijana wa boda na tuktuk wamesema watatoa safari moja moja ya siku hiyo na wengine wamejitolea kubeba wagonjwa mpaka feri bila malipo, Mungu awalipe. Kina mama wa chama cha Jumanne wameahidi viazi karai na mahamri ya kuuza. Mlioko ng'ambo mtusaidie kufikisha kwa wengine wa huku kwetu. Namba ya M-Pesa ni ile ile ya kikundi tuliyochangia kisima, haijabadilika, mtu akikutumia namba nyingine hata akisema ni mimi usitume, nipigie kwanza. Na kama wewe ni nesi, daktari au unafanya kazi kituo cha picha, hatutaki pesa zako, tunataka saa moja ya muda wako uje utufundishe namna ya kumpeleka mtu kutoka TB hasi mpaka CT bila kuzungushwa.

Kama unamjua anayekohoa, usingoje harambee, niandikie usiku huu, na kama mwenyewe anaona haya nitakuja nyumbani kama mtu aliyekuja kusalimia tu.

Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu baada ya Asr, uwanjani pale shule ya msingi, viti tumeazima, turubai likipatikana tutafunga. Mke wa mzee nimezungumza naye jana, ametoa ruhusa tulitumie dele, amelisugua kwa ndimu na majivu mpaka linang'aa, na vikombe vyote kumi na viwili vipo. Kijana wake atamimina. Kikombe hakina bei, utaweka kwenye kopo la kashata kile ulichonacho.