Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): Tuachieni namba ya siri iwe siri

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Menyu za miamala ya simu kwa tusioona

Mimi sioni, na simu yangu ni kitochi. Kitufe cha 5 kina kinundu. Kidole kikikipata, najua vingine vyote vilipo. Menyu ya kutuma fedha nimeikariri: chaguo, namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Simu haisemi neno, lakini mkono unajua njia.

Kisha kampuni inaongeza huduma mpya, labda mikopo au bima, na orodha inahama. Kilichokuwa 4 kinakuwa 5. Anayeona anasoma na kuendelea. Mimi nabonyeza bila kujua nimeingia wapi. Hata menyu isipobadilika, mwishoni inaonyesha jina la mpokeaji ili uhakiki. Jina hilo ndilo linalomwokoa mtu aliyekosea namba, nasi halitufikii. Kwa hiyo tunamwomba wakala, au mtoto wa jirani, na kumwomba ni kumtajia namba ya siri. Matangazo yanatuonya tusimpe mtu namba hiyo, na yana haki. Tunaitaja kwa sababu hatukuachiwa njia nyingine.

Wenye simu janja wana programu ya kusoma skrini, lakini menyu hizi hazisubiri. Sauti haijafika chaguo la sita, muda umekwisha, unaanza upya. Mwenye mikono inayotetemeka naye anakatiwa hivyohivyo. Kiziwi akipata tatizo anaelekezwa apige simu huduma kwa wateja.

Ninachokiomba kwanza ni menyu ya sauti, kwa Kiswahili, kwa namba isiyotozwa, inayotaja jina la mpokeaji na kupokea namba ya siri kwa vitufe. Ufundi upo: simu za huduma kwa wateja tayari zinaongea na kupokea vitufe. Huduma mpya ziwekwe mwisho wa orodha, zile za zamani zibaki mahali pake. Hilo halihitaji mtambo, linahitaji agizo. Na mteja aweze kuomba muda mrefu zaidi.

Najua leseni za malipo ziko Benki Kuu. Lakini namba fupi za menyu na mitandao inayozibeba ziko mikononi mwako, na hapo ndipo pa kuweka sharti: menyu isiingie sokoni kabla ya kujaribiwa na watu waliopendekezwa na Chama cha Wasioona, chama cha viziwi CHAVITA na shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu SHIVYAWATA, nao walipwe kwa kazi hiyo. Wahandisi wakikaa nasi saa moja tu wataona wenyewe mahali tunapokwama.

Msingi wa kisheria tunao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inagusa teknolojia ya habari na mawasiliano waziwazi. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu. Jirani zetu Kenya walitoa kiwango cha kitaifa cha ufikikaji wa TEHAMA, KS 2952, mwaka 2022. Sisi tuanze na menyu hii, maana ndiyo inayoshika mshahara, ada na umeme wetu.

Menyu ya sauti ya kwanza ikiwa tayari kujaribiwa, niiteni. Nitakuja na kitochi changu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja asiyeona, Morogoro