Risala ya Wagonjwa wa Kisukari na Shinikizo la Damu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mganga Mfawidhi wa kituo chetu. Wauguzi wa kliniki ya Jumanne. Viongozi wa mtaa. Wanachama wenzetu pamoja na ndugu mliotusindikiza,

Karibu sana. Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la kliniki, kwa watu waliokuwa wakisubiri kupimwa sukari alfajiri kabla ya kunywa chai. Habari za michango na miradi yetu zimo kwenye taarifa uliyokabidhiwa. Kwa ruhusa yako, risala hii tumeiweka kwenye jambo moja tu: kumbukumbu zetu za matibabu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kila mmoja wetu ana daftari. Ni daftari la shule, limevishwa gazeti, na ndani yake mna presha na sukari za miaka mingi, dawa zilizobadilishwa na tarehe za kurudi. Mwenzetu mmoja alisafiri kwenda msibani mkoa mwingine. Huko sukari ikashuka, akafikishwa hospitali hajitambui, na daftari lilibaki nyumbani juu ya kabati. Mwanawe alipoulizwa mama anatumia dawa gani, alijibu: “Vidonge vyeupe, na sindano ya jioni.” Vidonge vyeupe viko vingapi? Ilibidi jirani avunje kufuli, apige picha kurasa za mwisho za daftari na kuzituma kwa WhatsApp. Mama huyo tunaye hapa, amekaa mstari wa mbele. Zile picha ndizo kumbukumbu za kwanza za kielektroniki za kikundi chetu.

Tunashukuru kwamba siku hizi kituo kinaandika kwenye kompyuta. Tulikuwa tunapoteza asubuhi nzima faili likitafutwa. Lakini kilichomo kwenye kompyuta ya kituo hatukioni, na tukitoka nje ya geti hatutembei nacho. Sisi tunaomba kumbukumbu ambayo mgonjwa anaifungua mwenyewe, anaisoma na kumwonyesha daktari wa popote.

Wapo wanaosema wazee hawataipokea. Kwa heshima zote, tunakataa. Wazee hawa hawa wanaangalia salio la M-Pesa kwa *150*00# kila siku, na namba ya siri wanaificha hata kwa wajukuu. Wamejifunza kwa sababu fedha ni zao na jibu linakuja hapo hapo, kwa Kiswahili. Mtu anayejua salio lake atashindwaje kujua sukari yake ya miezi mitatu?

Kinachotukwamisha ni kingine. Wengi wetu tuna simu za kitochi. Wengine wana simu moja ya nyumba nzima, na kuna magonjwa ambayo mtu hajayasema nyumbani. Mwanachama mmoja alituambia kikaoni: “Heri daftari, nikilificha limefichika.” Neno hilo tulilijadili Jumanne mbili, tukaona ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Tunaomba hayo tuelezwe kwenye benchi lile lile la kliniki, kwa lugha ya kawaida, kabla hatujaombwa kukubali lolote.

Tumejifunza pia kwa wenzetu wa mbali. Kampuni ya Google ilianzisha huduma ya Google Health nchini Marekani mwaka 2008, ikaifunga mwanzoni mwa 2012 kwa sababu haikupata watu wa kutosha. Hatushangai, maana sehemu kubwa ya kazi ya kujaza na kukusanya habari iliachiwa mgonjwa. Mtu aliyechoka na ugonjwa haongezewi ukarani. Kule Estonia, nchi ya Ulaya, vituo vya tiba ndivyo vinavyoingiza kumbukumbu, na mgonjwa anafungua anasoma, na tena anaona ni nani mwingine aliyezifungua. Hilo la mwisho ndilo lililotugusa zaidi.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba vipimo na dawa za kila kliniki vitufikie kwa ujumbe mfupi unaosomeka hata kwenye kitochi, kwa anayetaka, na asiyetaka asisukumwe. Tunaomba kila mmoja amtaje mwenyewe ndugu anayeruhusiwa kumsomea. Na madaftari yasiondolewe, kwani siku mfumo ukiwa chini, au umeme umekatika, ndiyo yatakayotuokoa.

Tumeyapanga madaftari yetu kwenye meza iliyo kulia kwako, kwa ridhaa ya wenyewe. Tunakuomba kabla hujaondoka ufungue mawili matatu, usome tulivyoandikiwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.