Damu ya utafiti wa ubongo isisafirishwe juani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa wanaogharimia na kuidhinisha tafiti, jambo linalotusumbua sisi wa maabara hapa Mwanza. Watafiti wa msongo na magonjwa ya ubongo hupenda kupima katika damu protini iitwayo HSP70, ambayo seli huizalisha kwa wingi zinapopata misukosuko, na ambayo kazi yake ni kuzisaidia protini nyingine zikunjike sawasawa zisigandamane. Sina ugomvi na kipimo chenyewe. Ninachokilalamikia ni safari ya damu kabla haijatufikia.

Kipimo tunachokitumia, ELISA, kilianza mwaka 1971. Kingamwili zilizonatishwa katika visima 96 vya sahani huinasa protini hiyo, kingamwili nyingine yenye kimeng'enya huifuata, kisha kitendanishi cha rangi hugeuka bluu na, tukitia asidi, huwa manjano. Rangi ikikolea, protini ni nyingi. Lakini mashine inayoisoma rangi haiwezi kutuambia kama protini ile ilikuwamo mwilini mwa mtu au iliongezeka njiani.

Nayo huongezeka. HSP70 hukaa hasa ndani ya seli, hivyo chembe nyekundu zikipasuka kwa kutikiswa kwenye bodaboda, huimwaga, na seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, hutufikia ikiwa ya waridi. Isitoshe, habari za protini hizi zilianzia kwenye joto: mwaka 1962 Ferruccio Ritossa alieleza jinsi kromosomu za nzi wa matunda zilivyovimba baada ya kupashwa joto. Chembe nyeupe zilizomo katika chupa ya damu bado zi hai, na zikichomwa na jua juu ya boti itokayo Nansio, kisiwani Ukerewe, zinaweza kuanza kuizalisha humo humo, mtafiti akaishia kupima jua la ziwani akidhani anapima msongo wa mvuvi. (Mvuvi huyo, kama amekesha akivuta nyavu, anaweza kuwa nayo nyingi kwa sababu ya kazi tu, saa ya kumtoa damu nayo iandikwe.)

Minofu ya sangara hutoka hapa kwenda Ulaya ikiwa katika ubaridi usiokatika, ilhali mimi nimepokea damu ya utafiti ndani ya bahasha ya kaki pamoja na fomu zake.

Dawa yake si ghali ukilinganisha na bei ya vitendanishi. Damu izungushwe kwa kasi kwenye mashine ndogo iitwayo sentrifyuji huko huko zahanati ilikotolewa, plazma (majimaji ya damu ambayo haijaachwa igande) itengwe na chembe, igawanywe katika vichupa vidogo ili isiyeyushwe mara kwa mara, isafirishwe kwenye kasha la barafu hadi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta. Damu ambayo haijatengwa isigusane na barafu, maana ikigandishwa na baridi chembe hupasuka vilevile. Kamati zinazopitisha bajeti ziulize kwanza sentrifyuji hiyo iko kisiwa gani, na nani atailipia friza umeme ukikatika.

Mtaalamu wa maabara,
Ilemela, Mwanza